CHANDARUA KIMEENDA ZIWANI

Jioni moja, baada ya ibada ya akina mama, tulikwenda watatu kumtazama mgonjwa katika nyumba moja hapa Bagara, upande wa kuelekea ziwani. Tulipiga hodi, tukakaribishwa. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amelala juu ya mkeka, mwili unawaka, macho yamelegea. Mama yake, mjamzito wa miezi minne, alikuwa akimpangusa kwa kitambaa chenye maji.

Mmoja wetu ni muuguzi, akauliza swali ambalo wauguzi huuliza kila siku: "Mtoto analala ndani ya chandarua?"

Mama yule aliinamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Dada, chandarua kimeenda ziwani."

Hatukuhitaji maelezo zaidi. Tulikuwa tumekiona tulipokuwa tukiingia, kimeanikwa juu ya ua, kinanuka shombo. Mtoto tulimpeleka kituo cha afya usiku uleule. Alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa mseto, na kwa neema ya Mungu akapona. Lakini swali lilibaki mioyoni mwetu. Baba wa nyumba ile si mlevi wala si mzembe. Ni mvuvi, na baba yake alikuwa mvuvi. Imekuwaje amvue mtoto wake chandarua ili akavulie samaki?

Jibu tulilipata siku tuliporudi kuwajulia hali. Katika kona ya stoo lilikuwapo rundo la nyavu kuukuu, zimejaa vumbi na kinyesi cha panya. Zilikuwa nyavu nzuri za babu wa nyumba ile. Zilipasuka moja baada ya nyingine, na hakuna aliyezishona. Babu macho yake yamefifia, na kijana wake hakujifunza kazi hiyo. Fedha za kununua wavu mpya hazikuwapo. Chandarua kilikuwapo.

WAVU WA KITANDA SI WAVU WA SAMAKI

Wapendwa akina mama, jambo hili haliko Bagara peke yake. Limeonekana katika maziwa mengi ya nchi yetu na hata pwani. Serikali imetumia nguvu nyingi kutufikishia vyandarua. Mwaka 2004 ulianza mpango wa Hati Punguzo kwa wajawazito. Kati ya mwaka 2009 na 2011 vyandarua viligawiwa bure, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kwa kaya zote. Kiwanda cha jirani zetu wa Arusha kimetengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu tangu mwaka 2003. Na hadi leo mama mjamzito hupewa chandarua anapohudhuria kliniki.

Chandarua kinapokwenda ziwani, hasara huwa mara tatu. Kwanza, mtoto na mama mjamzito hubaki wazi kwa mbu, na hao ndio ambao malaria huwaua upesi zaidi. Pili, matundu yake ni madogo mno, hukomba hata vifaranga vya perege ambavyo vingekuwa kitoweo cha mwakani. Ziwa Babati ni dogo na kina chake ni kifupi, kwa hiyo likikombwa vifaranga, sote tutaliona pengo lake jikoni. Tatu, dawa iliyomo katika chandarua imewekwa kwa ajili ya mbu, lakini ni sumu kali kwa samaki na wadudu wa majini.

Tena ni kosa mbele ya sheria. Ipo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, zinazoweka vipimo vya macho ya nyavu. Katika Ziwa Victoria hata wavu wa dagaa hauruhusiwi kuwa na macho ya chini ya milimita 8, na matundu ya chandarua ni madogo kuliko hayo. Kwa ziwa la kwenu, mwulizeni afisa uvuvi wa halmashauri kipimo kinachoruhusiwa kabla ya kununua au kufufua wavu wowote.

Sasa, kumwambia mvuvi "acha" ni rahisi. Lakini watoto wake watakula nini? Ndipo tukarudi kwenye lile rundo la stoo.

MWALIMU WETU ALIKUWA BABU

Mama yule alimwendea baba mkwe wake, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo baba. Naomba unifundishe kushona wavu."

Mzee alinyamaza kitambo. Kwa desturi zao wavu ulikuwa kazi ya wanaume. Kisha akacheka. "Marahaba, mwanangu. Mimi sioni, lakini vidole vyangu vinakumbuka. Leta sindano." Nasi tukaketi, tukajifunza pamoja naye. Haya ndiyo tuliyofundishwa.

Kwanza, pima kama wavu bado una uhai. Shika jicho moja kwa mikono miwili, uvute kwa nguvu. Uzi ukikatika kirahisi, wavu umekwisha, usipoteze muda wako. Chukua kamba zake, maboya na vizito vyake uvitumie kwenye wavu mwingine. Uzi ukikataa kukatika, endelea.

Pili, uoshe kwa maji safi, utoe matope na majani, uutundike kivulini kati ya miti miwili. Tundu linaonekana vizuri wavu ukining'inia.

Tatu, safisha tundu kwa mkasi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kila fundo zima la wavu hutoa nyuzi nne. Kata ncha zilizochakaa mpaka ubaki na ukingo safi, lakini acha mahali pa kuanzia penye fundo lililobakiwa na nyuzi tatu, na mahali pa kumalizia penye fundo la namna hiyohiyo. Mafundo mengine yote ya ukingoni yabaki na nyuzi mbili. Ukifanya hivyo hesabu ya macho hutimia yenyewe.

Nne, tumia uzi wa unene uleule wa wavu, uuzungushe kwenye sindano ya nyavu. Babu alichonga yake kwa mwanzi. Chonga pia kibao kidogo cha kipimo chenye upana wa upande mmoja wa jicho, ili macho mapya yalingane na ya zamani. Uzi huingia ndani ya jicho, huzunguka nyuma ya shingo yake, hupita chini ya uzi wake wenyewe, kisha hukazwa huku kidole gumba kimebana. Fundo likilegea, litateleza, na samaki atatoka.

Tano, kagua kamba ya juu yenye maboya na kamba ya chini yenye vizito. Maboya yaliyopotea yanaweza kukatwa kutoka kwenye malapa yaliyochakaa. Vizito vinaweza kuwa mawe madogo yaliyofungwa vizuri. Wavu usiposimama wima majini haufanyi kazi, hata ukiwa umeshonwa namna gani.

Tulimaliza wavu wa kwanza baada ya siku nyingi za jioni jioni, baada ya kazi za nyumbani. Vidole vyetu viliota malengelenge.

KUOSHA, KUKAUSHA, KUTUNZA

Kushona ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzuia wavu usichakae tena. Baada ya kila safari ya ziwani, uoshwe siku hiyohiyo. Uanikwe kivulini, maana jua kali huudhoofisha uzi wa nailoni. Ukikauka kabisa utundikwe juu, mbali na panya na mbali na jiko. Tundu dogo lishonwe leo, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndoano za mgonzo, ile kamba ndefu yenye ndoano nyingi ya kuvulia kambale, zioshwe, zikaushwe, zipakwe mafuta kidogo, na zinolewe kwa tupa zikiwa butu. Zichomekwe kwenye kipande cha mti, watoto wasizifikie. Mtu akichomwa na ndoano, asiivute kwa nguvu kurudi ilikotoka, kwa sababu kijembe chake kitachana nyama. Aende kituo cha afya, na aulize juu ya chanjo ya pepopunda.

Wavu uliokwisha kabisa usitupwe ziwani. Nailoni haiozi upesi, na wavu uliotupwa huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Zungushia bustani ya mboga au banda la kuku.

Mama aliyerithi cherehani ya kuzungusha kwa mkono anaelewa maneno haya bila kuelezwa. Akiitia mafuta na kuifunika, inamshonea hata sare za wajukuu. Akiiacha vumbini, anaanza kutafuta fedha za mashine mpya. Kifaa kinachoendeshwa kwa mkono huponywa kwa mkono, mradi yupo anayejali.

ZUNGUMZA NA BABA WATOTO

Mama mwingine atasema, "Mume wangu hatanisikia." Tunajua. Usianze kwa lawama, wala usimwaibishe mbele ya watoto au majirani. Ngoja ameshakula, ametulia. Mwambie, "Baba, najua unatutafutia riziki. Lakini mtoto ameumwa. Tufanyeje ili chandarua kibaki nyumbani na wewe usirudi mikono mitupu?" Ukija na sindano mkononi, neno lako litakuwa na uzito zaidi. Na kama wapo wazee wanaojua kazi hiyo, wape heshima ya kufundisha.

Tukumbuke kwamba Bwana wetu aliwaita wanafunzi wake kutoka kwenye kazi hii hii. Mathayo 4:21 inasimulia kwamba Yakobo na Yohana walikuwa chomboni pamoja na baba yao wakitengeneza nyavu. Luka 5:2 inawaonyesha wavuvi wakiosha nyavu zao. Na Yohana 21:11 inaeleza kwamba samaki walivuliwa 153, na wavu haukupasuka. Tunaposoma mistari hii mitatu pamoja, tunajiuliza kama muujiza ule haukukuta pia nyavu zilizotunzwa.

Mpendwa msomaji, pengine utauliza mambo yaliishaje katika nyumba ile. Mama alipewa chandarua kipya kliniki, nacho kimefungwa juu ya kitanda na kuchomekwa chini ya godoro. Kile cha zamani kimezungushiwa miche ya sukumawiki. Wavu wa babu ulikwenda ziwani, na siku ya kwanza ulileta perege wachache tu, lakini wakubwa. Baba wa nyumba hakusema mengi. Aliwaweka mbele ya mkewe, akasema, "Hawa ni wako."

Wiki ya tatu kiboko aliupitia wavu, akaupasua vibaya. Tulipopata habari tulikwenda mbio, tukidhani tutakuta kilio, au chandarua kimetoka tena kitandani. Tulimkuta mama ameketi kivulini, wavu umetundikwa, sindano mkononi. Pembeni yake alikuwa mumewe, anajifunza kufunga fundo. Na babu, ambaye haoni, alikuwa akilipapasa kila fundo na kusema, "Hili limelegea. Rudia."