Paka wa depo naye anahitaji kutunzwa



Kila koperative yenye depo ya mahindi inajua kazi ya paka. Mifuko ikishapangwa, panya wanafika usiku, na paka njo mulinzi wa kwanza. Lakini mara nyingi sisi wenyewe tunamuua, tena kwa dawa tuliyomupa kwa nia nzuri.

Dawa ya kupe. Mutu anaona viroboto kwa paka, anachukua dawa ya kunyunyizia ng'ombe, anamumwangia. Dawa zingine za namna hiyo ziko na permetrini. Ng'ombe anaivumilia, lakini maini ya paka haiwezi kuivunja. Kisha saa chache anatetemeka, anatoka mate, anapata degedege. Ikitokea, mumuoshe mara moja na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mumufikishe kwa veterineri. Kwa viroboto, tumieni kitana cha meno ya karibu-karibu, na mufue ao muchome matambara anayolalia.

Parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka bluu ao kahawia, uso unavimba. Dawa ya mutu isipewe paka hata kidogo.

Sumu ya panya. Panya akikula sumu, hafi palepale. Anatembea mulegevu, paka anamukamata, na sumu inapita kwake. Siku kadhaa kisha, paka anatoka damu. Basi muchague: ndani ya depo moja, sumu ao paka, siyo vyote viwili.

Kichaa cha mbwa. Hata paka anakipata, na anakipitisha kwa mutu. Achanjwe akiwa na miezi 3, na chanjo irudiliwe kila mwaka. Paka ao mbwa akikuuma ao akikukwaruza, osha kidonda na maji na sabuni kwa dakika 15, kisha enda ku senta ya afya siku ile ile. Usingoje kuona dalili, juu zikishaonekana, karibu hakuna mutu anayepona.

Kwa mukutano ujao, kila kamati ya depo iamue mambo mawili: nani atafungia dawa zote ndani ya sanduku, na nani atapeleka paka kwa chanjo. Majina yao yaandikwe ndani ya daftari.