Keki ya 'ghorofa nane': Tunachoiga na tusichokiona kwenye harusi za kifalme

KIKAO cha kamati ya harusi kilikuwa kinaenda vizuri hadi tulipofika kwa keki.

Hema tulikuwa tumeshakubaliana. Pilau, kuku na mbuzi wawili, hayo yote shangazi alikuwa ameyaandika kwenye daftari lake tangu mwanzo. Ndipo binamu yangu, bibi harusi mtarajiwa, akatoa simu na kuipitisha mkono kwa mkono pale sebuleni. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya keki nyeupe, ndefu, ya ghorofa nane, imejaa maua kuanzia chini hadi kileleni.

"Nataka kama ya Kate," akasema.

Shangazi akavaa miwani. Akaitazama ile picha, akaisogeza karibu, akaitazama tena.

"Kate ni nani, mwanangu? Ni wa upande wa bwana harusi?"

Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Lakini bei iliposomwa, kicheko kilikatika kama stima. Keki hiyo moja ingemeza karibu nusu ya pesa za chakula cha wageni wote. Na pesa zenyewe, si unajua, zilikuwa bado ni ahadi tu kwenye grupu la WhatsApp.

Simlaumu binamu yangu. Tumelelewa na hizi harusi. Aprili 29, 2011, William alipomuoa Kate jijini London, Wakenya walikuwa na sababu yao ya kukaa mbele ya televisheni: jamaa alikuwa amemposa huku kwetu, karibu na Mlima Kenya, Oktoba 2010. Pete ya marehemu mamake, Diana, alitembea nayo safarini ndani ya mkoba wa mgongoni akingoja wakati mwafaka. Na Harry alipomuoa Meghan kule Windsor mnamo Mei 19, 2018, kuna hoteli Nairobi iliyotangaza tafrija ya kutazama harusi hiyo kwa shilingi milioni moja. Kutazama tu, bana. Keki yenyewe ilikuwa Uingereza.

Baada ya kikao kile niliamua kuchimbua. Hizi keki zilitoka wapi, na kwa nini zinatutoa jasho hivi?

Kupasuliwa keki kichwani

Ukidhani kulishana keki mbele ya watu ni jambo la kutia aibu, shukuru Mungu hukuolewa Roma ya kale. Huko, mkate wa nafaka ulivunjwa juu ya kichwa cha bibi harusi ili kumtakia baraka na uzazi, kisha wageni wakaokota makombo kwa kuwa waliamini yana bahati.

Uingereza nayo ikaja na keki nyeusi nzito, iliyojaa zabibu kavu, viungo na pombe kali kama brandi. Keki ya aina hiyo haiharibiki haraka. Hukaa miezi, hata miaka. Ndiyo maana ukazuka utamaduni wa kuhifadhi ghorofa ya juu hadi ubatizo wa mtoto wa kwanza. Wasichana ambao hawajaolewa nao walikuwa wakibeba kipande na kukilaza chini ya mto wakitumaini kumuota mume mtarajiwa. Leo tunalaza simu chini ya mto tukingoja meseji. Hakuna tofauti kubwa.

Weupe uliokuwa tangazo la pesa

Mtindo tunaouita 'keki ya harusi' ulipata umaarufu wake kwa Malkia Victoria, aliyeolewa na Albert mnamo Februari 10, 1840. Keki yao ilikuwa na uzito wa takriban kilo 136, na mzunguko wa karibu mita 2.7. Juu yake palisimama vinyago vya maharusi wakiwa wamevaa kama watu wa Roma ya kale, na mbwa mdogo pembeni akiwa ishara ya uaminifu.

Ilipakwa sukari nyeupe, ile inayokauka ikawa ngumu kama plasta. Hadi leo Waingereza wanaiita sukari ya kifalme. Usidhani weupe huo ulikuwa ishara ya usafi pekee. Sukari ilikuwa ghali, na kadiri ilivyosafishwa ikawa nyeupe ndivyo bei ilivyopanda. Kwa hivyo keki nyeupe ilikuwa inawaambia wageni: nyumba hii ina pesa. Tena sukari hiyo ilikuwa na historia chungu, maana kwa miaka mingi ilitoka kwenye mashamba ya Karibi yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa.

Mtu wa kawaida alipoona mambo ya Victoria, akaanza kuiga. Kuiga harusi za wakubwa hakukuanza na Instagram.

Malkia aliyeomba sukari

Harusi iliyonigusa zaidi ni ile ya Elizabeth na Philip, Novemba 20, 1947. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha miaka miwili awali, lakini Uingereza ilikuwa bado imefilisika. Sukari, siagi, hata nguo zilinunuliwa kwa kadi za mgao. Wanawake wengine walimtumia binti mfalme kuponi zao za nguo ili apate gauni, na ikabidi zirudishwe kwa sababu sheria haikuruhusu kuzigawa.

Keki ikatoka wapi basi? Ikachangiwa. Viungo vingine vilitoka ng'ambo, na wasichana wa Girl Guides wa Australia walikuwa miongoni mwa waliotuma. Kwa sababu ya safari hiyo ndefu, ikaitwa keki ya maili elfu kumi. Kampuni ya McVitie and Price iliioka ikafika ghorofa nne, kimo cha mita 2.7 na uzito wa kilo zaidi ya 220. Philip na Elizabeth waliikata kwa upanga. Vipande havikuishia kwa wageni wa ikulu, kwani vingine vilipelekwa shuleni na kwa mashirika ya misaada. Ghorofa moja iliwekwa hadi ubatizo wa Charles mwaka uliofuata.

Kwa maneno mengine, harusi ya kifalme ilikuwa harambee. Kamati yetu inafanya nini tofauti?

Kenya ilikuwemo pia, ingawa hakuna aliyewauliza wananchi. Serikali ya kikoloni iliwapa maharusi hao nyumba ya Sagana Lodge, chini ya Mlima Kenya, kama zawadi ya harusi. Ni katika nyumba hiyo, Februari 1952, ambapo Philip alimwambia mkewe kwamba babake amefariki na kwamba sasa yeye ndiye Malkia.

Ghorofa za uongo

Kuna jambo lililonishangaza kuliko mengine. Mwaka 1940, vita vikiwa vimechacha, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kupaka keki sukari. Sasa maharusi wafanyeje? Waokaji wakaanza kukodisha makasha ya kadibodi na plasta yaliyotengenezwa yafanane na keki ya ghorofa. Unaweka kasha mezani, mnapigwa picha, kisha linainuliwa na chini yake kuna keki ndogo ya familia.

Umeshaona hiyo kwetu? Bila shaka. Zile keki ndefu za harusi zetu, mara nyingi ghorofa mbili tatu hivi huwa ni sponji nyeupe kavu, kama ile inayokuja na televisheni mpya, ikapakwa sukari juu. Maharusi wanaonyeshwa mahali pa kukatia ili kisu kisigonge uongo. Tofauti ni kwamba wao walilazimishwa na vita. Sisi tunalazimishwa na picha.

Walipoacha desturi

Mambo ya kifalme yenyewe hubadilika. Mwaka 2011, keki ya William na Kate iliyoundwa na mwokaji Fiona Cairns ilifuata desturi: keki ya matunda, ghorofa nane, maua 900 ya sukari. Lakini pembeni palikuwa na keki nyingine aliyoitaka William mwenyewe, ya chokoleti na biskuti, ambayo haiokwi kabisa. Ni kitu alichokipenda tangu utotoni. Mwanamume anaoa mbele ya dunia nzima, halafu anataka biskuti za nyumbani.

Mwaka 2018, Harry na Meghan waliiacha kabisa keki ya matunda. Walimwendea Claire Ptak, mzaliwa wa California mwenye duka la mikate mashariki mwa London, akawaokea keki ya limau na maua ya elderflower yenye siagi laini juu na maua halisi. Zilitumika limau 200, mayai 500, na kilo 20 kila moja za siagi, unga na sukari. Keki kama hiyo huwezi kuiweka miaka. Unaila siku hiyo, inaisha.

Za kuwekwa nazo zina mambo yake. Kipande cha keki ya Charles na Diana, waliooana Julai 29, 1981 wakitazamwa na watu wanaokadiriwa kuwa milioni 750, kiliuzwa kwa mnada mwaka 2021 kwa pauni 1,850. Keki ya miaka arobaini! Ndoa ilikuwa imevunjika tangu 1996, Diana mwenyewe amefariki, keki bado ipo. Sijui kama hilo linachekesha au linahuzunisha.

Kurudi kwa kamati

Wiki mbili baadaye tulikutana tena, nikawasimulia haya yote. Binamu alinisikiliza amekunja mikono.

"Kwa hivyo unasema nisiwe na keki nzuri?"

Kabla sijajibu, shangazi akaweka kalamu chini. Akasema kuna harusi alihudhuria, hema nne zimejaa watu, keki kama mnara. Maharusi wakakata, wakalishana, wakapiga magoti kulisha wazazi, muziki juu. Halafu zikaja trei zenye vipande vidogo kama mchemraba wa sukari, kila kimoja na kijiti cha meno. Trei ziliisha hema ya pili.

"Mimi nilikuwa hema ya nne," akasema. "Nilikuwa nimeketi na wamama waliopika tangu saa tisa usiku. Hakuna aliyeonja. Mwanangu, watu hawasahau kitu kama hicho."

Sebule ilinyamaza. Kisha binamu akauliza, kwa sauti ya chini, keki za trei za kawaida zinauzwaje.

Tukapiga hesabu upya. Keki ya maonyesho ikawa ghorofa mbili, zote za kweli. Pesa zilizobaki zikaenda kwa keki za vanila na limau za kukatwa jikoni, vipande vya ukubwa wa maana, trei ya kwanza ikianzia kwa wapishi na hema ya nyuma. Picha? Mpiga picha wetu ni wa ukoo, akaahidi kupiga akiwa amechuchumaa ili ghorofa mbili zionekane nne.

Wahenga walisema mwiga tembo hupasuka msamba. Lakini pia walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na nadhani hiyo ndiyo inayofaa kuandikwa kwenye bajeti ya kila kamati msimu huu wa harusi za Desemba. Huna haja ya kuogopa kuiga wafalme. Ila ukiamua kuiga, usichukue urefu wa keki ukaacha lile la maana: Elizabeth alichangiwa sukari, na keki ikafika hadi kwa watoto wa shule ambao hawakualikwa.

Siku yenyewe ilipofika, nilitembea hadi hema ya nyuma kuhakikisha. Shangazi alikuwa ameketi huko kwa hiari yake, kipande mkononi, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Mwambie Kate," akaniambia akitafuna, "keki yake ni tamu."