Fahamu: Grafini yenye naitrojeni ni nini?

Grafini ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliutenga mwaka 2004 huko Manchester, Uingereza, kwa selotepu ya kawaida.

Kwa nini ichanganywe na elementi nyingine?
Ikiwa tupu, hupitisha umeme vizuri sana, lakini uso wake ni mgumu kushiriki mmenyuko wa kikemia.

Hufanyikaje?
Nafasi za baadhi ya atomu za kaboni huchukuliwa na naitrojeni, yenye elektroni moja zaidi, au boroni, yenye pungufu moja. Njia mojawapo ya kuingiza naitrojeni ni kupasha methani na amonia juu ya shaba.

Ina faida gani?
Grafini yenye naitrojeni huchochea mmenyuko wa oksijeni katika seli za fueli, kazi ya platini, ambayo ni ghali. Kwenye seli zenye asidi, platini bado inaongoza.