Polisi wa karibu: nani anamulipa?

Wandugu wachimbaji, ba mama na vijana wa mu makartier, siku hizi neno "police de proximité" linasikilika mahali pote: ku redio, mu mikutano ya shefu wa kartier, mu hotuba za wakubwa. Kwa Kiswahili tunasema polisi wa karibu, polisi wa ujirani. Ni neno nzuri. Lakini sisi wa sendika tumezoea kutanguliza ulizo moja mbele ya kupiga makofi: huyu mutu, nani anamulipa?

Ulizo hili si letu peke yetu. Wachimbaji wa makaa ya mawe kule Marekani, mu milima ya West Virginia na Kentucky, waliliuliza miaka mia iliyopita, na jibu walilipata kwa damu. Leo mu kaunti zile zile ofisi ya sherifu inatembelea wazee na inakusanya dawa za hatari mu manyumba. Tumeona vizuri tuwaelezee njia walipita, sababu iko na mafundisho kwetu.

Sherifu ni nani

Kule Marekani karibu kila jimbo limegawanywa mu kaunti. Kaunti tunaweza kuifananisha na teritware yetu. Mukubwa wa polisi wa kaunti anaitwa sherifu. Hatumwi na waziri kutoka muji mukuu: karibu mahali pote raia wenyewe wanamuchagua kwa kura, mara nyingi kwa miaka 4. Mu West Virginia hana ruhusa ya kufanya zaidi ya mihula 2 kwa kufuatana. Kule na kule Kentucky, sherifu ndiye anakusanya pia kodi ya nyumba na ya udongo, kwa hiyo kila mwenye nyumba anamujua.

Wasaidizi wake wako wachache na milima ni mikubwa. Mu vijiji vya mbali, ukipiga simu usiku, gari ya sherifu inaweza kukawia sana kufika. Ndiyo maana, pale raia wanamukatalia habari, sherifu iko kama mutu bila macho. Anawahitaji kuliko polisi wa muji mukubwa.

Wakati kompani ndiyo ililipa

Tuanze na kaunti ya Logan, West Virginia. Mu 1921 sherifu pale alikuwa Don Chafin. Alichaguliwa kwa kura, kama sheria ilisema. Lakini mushahara wa wasaidizi wake ulitoka ku chama cha wenye migodi. Basi kazi yao ikawa kuzuia sendika isiingie Logan. Mutu wa sendika akishuka mu gari ya moshi, wanamungojea ku gare, wanamurudisha kwa nguvu.

Mufahamu maisha ya wachimbaji wale. Nyumba ni ya kompani, duka ni ya kompani, mara nyingi hata feza ya kununulia ilikuwa ya kompani, yenye haikutumika mahali pengine. Wenye baba zao walikaa mu makambi ya Union Minière wanajua maana ya kulala mu nyumba ya mwajiri: ukigoma, unatoka na kitanda chako.

Ndivyo ilivyotokea mu kaunti ya jirani, Mingo, mu muji mudogo wa Matewan. Tarehe 19/05/1920, walinzi wa sosiete Baldwin-Felts, wenye walikodiwa na kompani, walifika kutosha familia za wagomaji mu manyumba. Mukubwa wa polisi wa muji ule, Sid Hatfield, na meya Cabell Testerman waliwasimamia. Risasi zikalia. Watu 10 wakakufa: walinzi 7, meya, na wachimbaji 2. Hatfield alikuwa polisi, na alisimama upande wa raia wa muji wake. Tarehe 01/08/1921 aliuawa bila silaha mu mikono, ku ngazi ya tribinali ya Welch, mu kaunti ya McDowell.

Kisha kifo chake, wachimbaji karibu 10 000 walichukua njia ya kwenda Logan. Chafin aliwangojea ku mulima wa Blair na jeshi la watu karibu 3 000. Ndege ndogo za kukodi zilitupa bombe juu ya wachimbaji. Vita vile vilikwisha tu mwanzo wa mwezi wa 9, wakati jeshi la serikali kuu lilifika. Chafin mwenyewe, mwenye alijiita mulinzi wa sheria, baadaye alihukumiwa sababu ya biashara ya pombe iliyokatazwa, akafungwa.

Angalieni neno hili vizuri. Chafin alipata kura, na bado hakuwa polisi wa raia. Kura ilimupa kiti, lakini mushahara wa watu wake ulitoka kwa mwengine, na mwenye kulipa ndiye alitoa amri.

Mambo yalirudia Kentucky, mu kaunti ya Harlan. Mwaka 1931 watu wa sherifu J. H. Blair waliingia mu nyumba ya Florence Reece kumutafuta bwana yake Sam, mwenye alikuwa anapanga sendika. Hawakumukuta. Walimukuta mama na watoto. Mama yule alitosha karatasi ya kalendari ku ukuta, akaandika wimbo wenye wafanyakazi wanaimba hata leo.

Mwaka 1937 komisyo ya Senati, yenye iliongozwa na senatere Robert La Follette, ilisikiliza mashahidi wa Harlan. Ikajulikana mbele ya inchi yote kwamba wasaidizi wengi wa sherifu walilipwa na migodi. Mwaka 1938 bunge la Kentucky lilikataza: msaidizi wa sherifu asilipwe tena na kompani. Sheria ile haikuleta Paradizo, lakini ilikata kamba yenye ilifunga polisi ku mulango wa mugodi.

Kazi ya ujirani

Ni kisha pale tu ndipo neno ujirani liliweza kuwa na maana. Mwaka 1972 chama cha masherifu wa Marekani kilianzisha mupango wa majirani kulindana. Raia hawapewi bunduki wala hawakamati mutu. Wanaangalia barabara yao, wanajuana, wanapiga simu wakiona jambo. Mwaka 1994 sheria ya serikali kuu ilianzisha ofisi yenye inasaidia polisi wa miji na kaunti, hata zile maskini, kupata feza ya kuajiri watu wa kazi hii.

Mifano mingine inagusa nyumba za wachimbaji moja kwa moja. Muzee mwenye amepoteza akili ya kukumbuka anaweza kutoka usiku na kupotea mu pori. Mwaka 1999, kule Chesapeake, jimbo la Virginia, kulianza mupango wa kumuvalisha bangili yenye inatoa alama ya redio, ili watu wa sherifu wamupate mbio. Masherifu wengi wameufuata.

Iko na jambo la dawa. Wachimbaji wengi waliumia mugongo na magoti, wakapewa vidonge vya kutuliza maumivu, wakazizoea mpaka zikawafunga. Migodi ikafungwa, watu wakabaki na vidonge. West Virginia ikawa jimbo lenye watu wengi zaidi wanakufa na dawa hizo, ukihesabu kwa wingi wa raia wake. Tangu 2010 kuna siku zenye kila mutu anaweza kupeleka vidonge vyenye vimebaki mu nyumba, na polisi anavipokea bila kuuliza jina. Wasaidizi wengi wa sherifu wanatembea na dawa ya kumuamusha mutu mwenye amezidisha. Mutoto wa muchimbaji akianguka mu choo, wa kwanza kumufikia anaweza kuwa polisi, na anakuja na dawa ya kuponyesha.

Lakini si kila mupango unazaa matunda. Mu mwaka 1983 kule Los Angeles walianza kutuma polisi mu masomo kufundisha watoto hatari ya dawa za kulevya. Inchi nzima ilifuata. Watu wa sayansi walipopima, waliona watoto wenye walifundishwa hivyo hawakupitana sana na wenye hawakufundishwa. Ilibidi kubadilisha masomo. Basi, picha ya polisi anacheka na watoto si kipimo.

Mwaka 2019 mu Harlan ile ile, wachimbaji wa kompani Blackjewel walikosa mushahara wao wakati kompani ilianguka. Wakakaa juu ya reli, wakazuia gari ya makaa ya mawe isipite, karibu miezi miwili. Ba mama walileta chakula, watoto walichezea pale. Hakuna risasi ililia. Hatusemi ni kazi ya mupango fulani wa ujirani. Tunasema tu kwamba babu zao wangefanya hivyo mu 1931, wangepigwa.

Na kwetu?

Hapa kwetu polisi hachaguliwi kwa kura. Lakini sheria si chini. Katiba, mu artikle 183, inasema Polisi ya Taifa iko kwa kutumikia taifa la Kongo, na mutu yeyote hawezi kuigeuza kwa faida yake mwenyewe. Sheria ya kiorganiki 11/013 ya tarehe 11/08/2011 inataka polisi yenye raia wanaweza kuifikia na yenye inawasikiliza. Maneno haya yako yameandikwa, hatuyatunge.

Sasa angalieni ku barieri. Kuna polisi mwenye anasimama ku mulango wa mugodi, anakula chakula cha kompani, anapanda gari ya kompani, na mwisho wa mwezi anangojea primi ya kompani. Hatumuchukie. Polisi naye ni mufanyakazi, iko na bibi na watoto, na mushahara wa serikali unakawia. Lakini siku ya mugomo, ao siku muchimbaji wa mukono anakimbizwa mu karieri, huyu polisi atasikiliza sauti ya nani?

Kompani nyingi kubwa zimekubali kanuni za hiari juu ya usalama na haki za binadamu, zenye zilianza mwaka 2000. Kanuni hizo zinataka mapatano ya usalama kati ya kompani na serikali yawe wazi, raia wayajue. Tuwashike ku neno lao.

Kwa hiyo, mara ingine komisere ao kompani ikiwaita mu mukutano wa "proximité", muende wote, ba mama pia. Mupokee Fanta na mikate, hakuna ubaya. Kisha mudelege wenu asimame na maulizo matatu. La kwanza: kompani inawapa polisi nini kila mwezi, na karatasi ya mapatano iko wapi? La pili: polisi akipiga muchimbaji, tunalalamika kwa nani, na jibu linatoka kisha siku ngapi? La tatu: mukutano ujao ni lini, na nani ataandika mambo tuliyopatana?

Wakijibu, muandike jibu mu kaye ya sendika, tarehe na majina ya wakubwa waliosema. Wakikataa kujibu, muandike hivyo pia. Mukutano unaofuata tutaanzia ku ukurasa ule.