Shubiri Moja Kutoka Usoni

Kadi zenyewe niliziona kwanza kwenye simu. Mtoto wa dada yangu, aliyejifungulia Brussels, alinitumia picha ya vipande vya karatasi ngumu, vyeusi na vyeupe: kimoja kina mistari, kingine duara, kingine uso wa paka. “Mama mdogo, hivi ndivyo vitabu vya kwanza vya mwanangu,” akaniandikia. Mwana mwenyewe alikuwa na siku 9. Nikauliza bei. Aliponijibu, nilicheka mpaka jirani akachungulia mlangoni kujua kuna habari gani njema.

Mimi ni mkunga. Nimepokea watoto hapa Pangi, Kongo, tangu nikiwa msichana hadi leo, nywele zimekuwa nyeupe zote chini ya kitambaa. Mtoto akitoka, maswali yangu yalikuwa yale yale: amelia? Anapumua vizuri? Amenyonya? Kitovu kimefungwa sawasawa? Macho niliyapaka dawa ya kuzuia maambukizo, nikayaacha. Wakubwa wetu walitufundisha kwamba mtoto mchanga haoni, nasi tukawaambia akina mama vivyo hivyo.

Kicheko kilipokwisha, nikaanza kusoma.

Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani, Robert Fantz, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya na watoto 18 ambao hakuna aliyekuwa amefikisha siku 5. Kila mtoto alilazwa chali, akaonyeshwa duara moja baada ya jingine: lenye uso wa mtu, lenye miviringo kama shabaha, lenye maandishi ya gazeti, na mengine matatu ya rangi tupu, jeupe, jekundu na la manjano. Fantz akachungulia kwenye tundu na kupima muda. Watoto walikazia macho yale yenye michoro, wakayapita haraka yale ya rangi tupu. Uso ndio uliowashika zaidi. Kumbe wale niliokuwa nawafunga katika kikwembe na kuwaita vipofu wa siku chache walikuwa wananitazama.

Wanaona, ila kwa ukungu. Sehemu ya nyuma ya jicho inayonasa mambo madogo madogo haijakomaa, na ubongo nao bado haujazoea kazi yake. Ni kama kusimama kando ya mto Elila alfajiri: mtumbwi unauona, mpiga kasia humwoni. Mistari myembamba na rangi zilizofifia hupotelea katika ukungu huo. Kinachopenya ni mpaka mkali, pale cheusi kinapokutana na cheupe. Na lazima kiwe karibu, sentimita 20 hadi 30. Hapa kwetu hatuhitaji rula: ni shubiri moja, au shubiri na vidole vichache. Sasa mpime mama anayenyonyesha, kutoka jicho la mtoto hadi uso wa mama huyo. Utakuta ni shubiri ile ile.

Kitukuu changu alipozaliwa, nikajitengenezea kadi. Nilipasua katoni ya sabuni, nikabandika juu yake karatasi nyeupe ya kaye. Biki ya buluu ilinikatisha tamaa, mistari yake ni kama nyuzi. Nikasaga makaa, nikachanganya na uji mzito wa muhogo, nikapaka kwa kidole. Kadi nne zikatosha: mistari mipana kama vidole viwili, duara moja nene, miraba kama ubao wa dama, na uso wa macho mawili na mdomo. Zilipokauka nikazifunika kwa skochi, maana makaa yakichubuka yataishia mdomoni mwa mtoto.

Mchezo wenyewe una saa yake. Mtoto mwenye njaa hataki picha, na mwenye usingizi usimwamshe. Ngoja awe amenyonya, amecheua, yuko macho na ametulia. Kwa mchanga kabisa nafasi hiyo ni dakika chache tu. Kaa karibu na mlango upate mwanga, lakini jua lisimpige machoni. Mlaze mapajani, kichwa kimeshikwa. Inua kadi moja, umbali wa shubiri, kisha usiitikise. Hapo ndipo wengi tunaharibu, tunapunga kadi kama anayefukuza nzi. Jicho la mtoto huchelewa kufika. Likifika, ataacha kurusha miguu, pengine hata kunyonya ngumi. Akiwa na wiki kadhaa, isogeze taratibu upande mmoja uone kama macho yatafuata.

Halafu jua kuacha. Akigeuza kichwa, akipiga miayo, akitanua vidole au kuanza kukunja uso, amekwambia basi. Kadi isibaki alipolala.

Na usifanye kadi kuwa mchezo wote. Huyu anaijua sauti ya mama yake tangu tumboni, na anaitambua harufu ya maziwa yake. Mwongeleshe unapomwogesha, mwimbie, msugue miguu kwa mafuta mkononi, mlaze kifuani pako akiwa macho ajaribu kuinua kichwa. Akikaribia miezi mitatu au minne rangi zitamvutia, mikono itaanza kutaka kushika, na katoni ya koko, yaani mimi bibi, itakuwa imemaliza kazi.

Sitamdanganya mtu: hakuna ushahidi kwamba kadi hizi humfanya mtoto awe na akili kuliko mwenzake. Asiye nazo hakupungukiwa. Faida yake mimi niliiona kwa mtu mzima.

Mjukuu wangu, baba wa mtoto, huchimba kasiterite upande wa Kalima na hurudi mara moja moja. Aliporudi safari hiyo alimbeba mwanawe kama sahani ya kuazima. “Koko,” akaniambia, “huyu bado ni wa mama yake. Akianza kutembea atakuwa wangu.” Nikamketisha mlangoni, nikampa kadi ya duara. Alikuwa tayari kunirudishia mtoto alipouona ule mwili mdogo umetulia tuli.

“Koko, ananitazama!”

“Anatazama kadi, papa. Ishushe polepole, usiseme kitu.”

Akaishusha. Macho ya mtoto yakabaki yanatangatanga kidogo, kisha yakapanda usoni kwa baba yake, yakaganda pale nywele zinapoanzia. Hilo nalo wataalamu wamelipima: mtoto wa mwezi mmoja hushika zaidi kingo za uso, mpaka wa nywele na kidevu, na akifika miezi miwili ndipo hukaa machoni pa mtu. Mjukuu wangu hakuyajua hayo. Alikaa pale mpaka mguu ukafa ganzi.

Ndipo nikaelewa kadi inafanya nini. Inamlazimisha mtu mzima kukaa shubiri moja kutoka kwa mtoto, kimya, akitazama macho yake.

Na macho ni ya kutazamwa kweli. Mtoto wa siku za mwanzo akitoa usaha machoni, usimkamulie maziwa wala majani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona weupe katikati ya mboni, au akifika miezi mitatu hafuati uso wala kadi, nenda, usingoje akue. Jicho likizibwa na mtoto wa jicho tangu kuzaliwa, ubongo hukosa somo lake katika majira ambayo hayarudi. Watafiti David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha jambo hilo kwa paka wachanga waliofungwa jicho moja, wakashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kwa mtoto wa namna hiyo, wiki moja ni mali.

Wazee wa Kirega hawakuhitaji maabara kujua nguvu ya cheupe juu ya cheusi. Vinyago vya bwami, chama chao cha jadi chenye ngazi, vile vidogo vinavyoitwa lukwakongo, vina uso wa mti uliopakwa udongo mweupe, na wengi wanaviona leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Sisemi vilikuwa vya watoto. Vilikuwa vya wenye ngazi zao, na havikuchezewa. Nasema tu kwamba aliyevichonga alijua jicho huenda wapi.

Juzi kitukuu alifikisha wiki sita. Nilitafuta kadi zangu, nikakuta mbuzi wa jirani amekula ile ya miraba na kuacha skochi. Nikampakata hivyo hivyo. Joto lilikuwa kali, nikavua kitambaa. Akatulia. Macho yake yakapanda hadi pale paji langu jeusi linapokutana na mvi zangu, yakakaa hapo.

Nikakumbuka ile bei ya Brussels, nikacheka tena, ila kimya kimya, nisije nikamsumbua.