Ukingo wa Mto Katuma uko wapi? Uliza tarehe ya picha

MKULIMA wa mpunga katika bonde la Mto Katuma, mkoani Katavi, anajua kuwa mto huo hautulii. Msimu wa mvua maji hutapakaa mbugani. Kiangazi hubaki madimbwi, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi viboko hurundikana kwenye tope. Sasa ukingo wa mto ni upi, wa Machi au wa Septemba? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mstari ukisogea kwenye ramani, jaruba la mtu limo hatarini.

Mabadiliko ya namna hii hufuatiliwa kwa picha za setilaiti zilizopangwa kwa tarehe, mfano wa mkanda wa video. Setilaiti za Landsat za Marekani zinapiga picha tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Kompyuta hugawa kila picha katika miraba na kupima mwanga wa kila mraba. Maji humeza mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na majani mabichi huurudisha. Kisha huchora ukingo wa maji na kuulinganisha na ule wa picha iliyotangulia.

Tatizo ni kwamba jaruba lililojazwa maji tayari kwa kupandikiza hufanana na mto. Miombo ikipukutisha majani kiangazi, yaweza kuhesabiwa msitu uliofyekwa. Mpunga unapostawi, mawingu huziba picha nyingi, ingawa rada ya Sentinel-1 ya Ulaya, iliyoanza kazi 2014, hupenya mawingu.

Tupige hesabu. Mraba mmoja wa Landsat una mita 30 kila upande, hivyo mita 60 za sheria ni miraba miwili tu, na eka moja haifiki miraba mitano. Ukingo ukikosewa kwa mraba mmoja katika urefu wa mita 100, zinapotea mita za mraba 3,000, karibu robo tatu ya eka. Sentinel-2 ina miraba ya mita 10, na hapo kosa hupungua.

Siwatetei wanaolima hadi majini. Anayeziba mto kwa matuta ya udongo humkausha jirani wa chini kabla ya kumkausha kiboko, na picha hizi zinaweza kumuumbua. Mkondo mwembamba huenda usionekane, lakini jaruba la kijani katikati ya Septemba huonekana wazi.

Kwa hiyo ukiitwa kuonyeshwa ramani, uliza picha ilipigwa tarehe gani, mraba wake una mita ngapi, na kama kuna mtu aliyefika shambani na GPS. Ukionyeshwa picha mbili, moja ya Machi na nyingine ya Septemba, omba zibadilishwe ziwe za mwezi mmoja.