Chumvi Barabarani

Mtoto wa Misima aijua barabara kwa sura zake mbili. Wakati wa kiangazi njia ya udongo iendayo mashambani huwa nyekundu kwa vumbi, na lori likipita, mihindi iliyo kando hufunikwa hata rangi yake ya kijani haionekani. Ikifika masika, tangu Machi hata Mei, vumbi lile lile hugeuka kuwa tope. Baiskeli hukwama, mzigo wa mkulima hulala njiani, na mgonjwa anayepelekwa hospitali huchelewa kufika. Barabara kubwa itokayo Korogwe kwenda Handeni imekwisha kutiwa lami, nayo haina taabu hiyo. Lakini njia ndogo zinazoungana nayo zingali za udongo, na kila mwaka huhitaji majembe, changarawe na mitaro.

Ziko nchi nyingine ambako barabara ina sura ya tatu, nayo ndiyo ya hatari kupita zote. Katika nchi za kaskazini, kama Kanada, Sweden na sehemu kubwa ya Marekani, hewa wakati wa baridi hupoa hata maji yakagandamana. Theluji huanguka polepole, nyeupe na nyepesi kama sufi. Ikikanyagwa na magurudumu, hushikamana na kuwa barafu ngumu, laini kama kioo. Motokaa ikifika hapo, dereva hukanyaga breki bure. Magurudumu husimama, lakini motokaa huendelea kuteleza mpaka izuiwe na mti, au ukuta, au motokaa nyingine. Wazee nao huanguka wakavunjika nyonga. Kwa hiyo watu wa huko, kabla hakujapambazuka, hutuma magari makubwa yenye majembe ya chuma mbele ili kuisukuma theluji kando, na nyuma yake yana chombo kinachozunguka na kumwaga chumvi.

Ni chumvi ile ile ya kutia katika mchuzi, ila haikusafishwa, nayo huchimbwa ardhini kwa mawe makubwa. Mtu aweza kuuliza: chumvi na barafu zina shauri gani?

Maji safi hugandamana yakifika nyuzi 0 katika kipimo cha joto. Hapo chembe za maji, ambazo ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona, hushikana na kujipanga safu safu. Chumvi ikiyeyuka ndani ya maji, chembe zake huingia katikati na kuzizuia zisijipange. Ni kama askari wanaoamriwa kusimama mstari, na huku watoto wanapitapita katikati yao. Hawataweza kujipanga mpaka amri iwe kali zaidi, yaani mpaka baridi izidi. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, hayagandamani mpaka baridi ishuke karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Maji yaliyotiwa chumvi sehemu 23 katika 100 hustahimili mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Lakini barabarani mambo si rahisi hivyo. Baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno, hata kuimwaga ni kupoteza mali. Hapo watu hutumia chumvi za namna nyingine, kama kloridi ya kalisi, ambayo huyeyusha barafu katika baridi kali zaidi, nayo bei yake ni kubwa.

Desturi hii si ya zamani sana. Kwanza watu walitumia mchanga na majivu ili magurudumu yapate kushika. Jimbo la New Hampshire katika Marekani lilianza kujaribu chumvi mwaka 1938, na katika baridi ya 1941 hata 1942 likawa jimbo la kwanza kuifanya kuwa kanuni ya kazi. Majira hayo Marekani nzima ilitumia tani 5,000 hivi tu. Siku hizi nchi hiyo hutumia zaidi ya tani 15,000,000 katika mwaka mmoja. Barabara ziliongezeka, motokaa ziliongezeka, na watu walizoea kuona lami nyeusi asubuhi hata baada ya usiku wa theluji.

Sasa, barafu ikiisha kuyeyuka, chumvi yote huenda wapi? Jambo hili mwanafunzi aweza kulichungua hata Misima, pasipo theluji wala barafu. Atwae kopo la bati, alitoboe matundu madogo chini, atie kitambaa, kisha alijaze mchanga safi. Achanganye udongo kidogo katika kikombe cha maji, ayamimine juu ya mchanga. Maji yatatoka chini yakiwa safi zaidi, kwa maana udongo umenaswa njiani. Kisha achanganye kijiko cha chumvi katika kikombe cha pili cha maji, afanye vile vile, na aonje kidogo yale yanayotoka. Chumvi imepita! Mchanga haukuweza kuizuia. Tena ayachemshe maji hayo katika sufuria mpaka yakauke kabisa: maji yamekwenda hewani, na chumvi imebaki, nyeupe, chini ya sufuria.

Katika kazi hii ndogo mna kisa kizima. Takataka nyingi huoza, au hushikwa na udongo, au huliwa na vijidudu visivyoonekana. Chumvi haiozi. Hufuatana na maji kokote yaendako: mtaroni, kijitoni, ziwani, na polepole ndani ya ardhi hata kisimani. Jua likikausha ziwa, maji hupungua, bali chumvi hubaki pale pale. Ndiyo sababu visima vingine karibu na barabara za nchi za baridi huwa na chumvi hata wakati wa joto, miezi mingi baada ya theluji kwisha.

Wala haihitajiki chumvi nyingi. Katika jimbo la Minnesota, ambako Waafrika wengi wa Mashariki wamehamia na kujifunza kuishi na theluji, sheria yataka maji ya maziwa na mito yasizidi miligramu 230 za kloridi katika kila lita, ili viumbe vya majini visidhurike kwa muda mrefu. Kloridi ni sehemu iliyo kubwa katika chumvi. Kwa kipimo hicho, kijiko kimoja cha chai kilichojaa chumvi chatosha kuharibu debe zima la maji. Mtu akinywa maji hayo huenda asitambue ladha yo yote. Lakini samaki na wadudu wa majini hawanywi wakaondoka, wao hukaa humo mchana na usiku.

Ghuba ya Irondequoit, karibu na mji wa Rochester katika Marekani, ilionyesha dhara ambalo wengi hawakulifikiri. Kwa desturi maji ya mahali kama hapo hujigeuza wakati baridi inapokwisha: ya juu hushuka na ya chini hupanda, na kwa njia hiyo hewa hufika mpaka chini kabisa. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu. Basi chumvi iliyotoka barabarani ilishuka ikatanda chini, na mwaka 1970 wataalamu waliona kwamba maji ya ghuba hayakuchanganyika yote kama ilivyokuwa kawaida. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1971. Tangu baridi ya 1974 wenyeji walipunguza chumvi, na vipimo vya miaka iliyofuata vilionyesha kwamba chumvi ya ghuba ilipungua na maji yakachanganyika vizuri zaidi. Ni habari njema, nayo ni adimu. Mahali pengi chumvi imezidi kuongezeka. Kanada, baada ya uchunguzi wa miaka kadha, ilitamka mwaka 2001 kwamba chumvi ya barabarani yadhuru mazingira.

Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi mwingine, uliofanywa mahali 16 katika Marekani, Kanada, Sweden na Hispania. Wataalamu walitia chumvi ya vipimo mbalimbali katika vyombo vya maji ya ziwa, wakahesabu wadudu wadogo mno waogeleao humo. Mahali pengi wadudu hao walipungua kwa nusu au zaidi, hata pale chumvi ilipokuwa haijapita kipimo kilichoruhusiwa na serikali. Wadudu hao ndio walao uvundo wa kijani wa majini. Wakifa, karibu nusu ya mahali hapo uvundo ulizidi. Basi yafaa kuuliza kama sheria zenyewe zilipimwa vema.

Nchi kavu nako madhara yapo. Majani ya miti ya kando huungua ncha zake, udongo hushikamana na kukataa maji, na chuma cha madaraja na motokaa hupata kutu upesi. Wanyama pia huvutwa. Mchunga mbuzi ye yote ajua jinsi mnyama anavyopenda kulamba magadi; vivyo hivyo kulungu wakubwa wa Kanada hutoka mwituni kuja kulamba chumvi ya barabara, wakagongwa, na pengine dereva naye hufa pamoja nao.

Mtu asikimbilie kusema kwamba chumvi iachwe mara moja. Barabara isipotiwa chumvi, watu hufa asubuhi ile ile, na majina yao hujulikana. Ikitiwa, ziwa huharibika polepole, katika miaka 30 au 50, na hakuna siku moja ambayo mtu aweza kusema, “Leo limekufa.” Hapo ndipo penye ugumu wa shauri hili.

Kwa hiyo wenye kazi hiyo wamejifunza kutumia kiasi. Hupima baridi ya lami yenyewe, si ya hewa tu, kwa kuwa mbili hizo hutofautiana. Huondoa theluji kwanza kwa majembe. Tena hunyunyiza maji ya chumvi kabla theluji haijaanguka, ili barafu isishike lami; chumvi kavu huruka kando magurudumu yanapopita, bali iliyoloweshwa hukaa mahali pake. Wengine hurudia mchanga wa zamani, lakini mchanga huziba mitaro. Wengine huongeza maji ya viazi vya sukari. Nayo yakifika mtoni huoza na kula hewa ya samaki. Dawa isiyo na madhara yo yote haijapatikana.

Misima haina barafu, lakini chumvi za barabara zaweza kutumika hata katika nchi ya joto. Ile kloridi ya kalisi huvuta unyevu wa hewa, na katika nchi nyingine hunyunyizwa juu ya barabara za udongo ili vumbi litulie. Mwenye kuishi kando ya njia yenye vumbi ataiona kuwa neema. Kabla ya kuitumia katika nchi kama Handeni, mtu apaswa kufuata mtaro kwa miguu mpaka mwisho wake na kuona waishia wapi. Handeni maji ni haba. Kwa miaka mingi watu wameteka katika malambo, na lambo hupokea kila kitu kinachotiririka kutoka juu. Maji mengine huvutwa kwa mashine na mabomba kutoka mto Pangani upande wa Korogwe. Mto huo hupata maji yake Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, kisha hushuka mpaka bahari. Huko mwisho wake, katika mji wa Pangani, wakulima wamekwisha kuijua chumvi kwa njia nyingine: maji ya mto yanapopungua, bahari hupanda ndani ya mto, na mashamba ya kando huharibika.